Galaksi Niliyodhani ni Jicho la Bibi

Mwalimu Hidaya alizikwa Jumatano baada ya swala ya alasiri, na mimi nikapata habari Alhamisi asubuhi, nikiwa dukani nawapimia watu mbegu za kabichi. Habari ilikuja kwenye kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi. Mmoja akaandika kwamba mwalimu hakukosa vumbi la chaki kwenye mtandio wake. Mwingine akaandika kwamba alikuwa akituchapa huku anatuombea dua. Mimi niliandika neno moja tu, "Poleni," nikaweka simu chini, nikaendelea kupima. Mteja akaniuliza kama nimetoka nyumbani bila kunywa chai, maana mbegu zilikuwa zinamwagika mezani.

Kuna jambo alilonitendea mwalimu huyu ambalo wenzangu hawalijui, kwa sababu halikutokea darasani. Nataka kulisimulia kwa nyinyi wa rika langu, mliolelewa na bibi kama mimi, mkasikia maneno ya wakubwa nusunusu na kuyamalizia wenyewe vichwani.

Nilikulia juu milimani, upande wa Mgeta, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na unaweza kumsikia jirani akikohoa bila kumwona. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, nikapelekwa kwa mama yake, Bibi Koleta. Bibi alikuwa mkulima wa kabichi na karoti. Alinuka moshi wa kuni za mkaratusi na majani ya karoti yaliyovunjwa, na mpaka leo nikipita sokoni penye karoti mbichi huwa nasimama kidogo bila kununua kitu. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Tukigombana aliniambia nirudi kwetu, kisha anacheka kwa sababu alijua kwetu ni pale pale.

Macho yake yalianza kuharibika taratibu. Kwanza aling'oa karoti akidhani ni magugu. Halafu akawa anapapasa ukuta kabla ya kuupata mlango. "Mwaka huu ukungu umekaza," alisema siku moja saa sita mchana, na jua lilikuwa limetuwakia wote wawili kichwani. Nikajibu, "Ndiyo, Bibi." Nilidhani wazee wana ukungu wao.

Nilipofika darasa la tatu alikuwa haoni zaidi ya mwanga na kivuli. Tulikuwa na fimbo moja ndefu. Mimi nashika mbele, yeye nyuma, ndivyo tulivyokwenda shambani, kanisani na mtoni. Siku za gulio sikwenda shule. Siku za kumwagilia sikwenda shule. Hakuna aliyenikataza masomo. Ilikuwa tu kwamba asubuhi Bibi aliuliza, "Leo una shule?" na mimi, nikimwona amesimama mlangoni na mkono hewani, nilijibu kwamba hakuna.

Siku moja tulikwenda zahanati kwa ajili ya kifua chake. Nesi akamaliza na kifua, akachukua tochi, akammulika machoni.

"Bibi, una mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Lakini huyu mtoto anatolewa. Unapelekwa mjini, anatolewa, unaona."

Bibi akasimama, akatafuta bega langu. "Hapa hatolewi mtu," akasema, tukaondoka.

Leo kila mtu anajua mtoto wa jicho ni nini. Mimi sikujua. Nilisikia kwamba ndani ya jicho la Bibi mna mtoto, na jioni ile, kabla jua halijazama, nilimwambia ana kijiti kwenye kope ili nipate kumchungulia vizuri. Nikasogeza uso karibu kabisa. Pale katikati, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na ukungu mweupe. Na juu ya ule ukungu nikamwona mtoto. Alikuwa mdogo, wa kike, ana mabutu mawili yaliyofumuka, anachungulia. Alikuwa mimi.

Mambo mengi yakajipanga kichwani mwangu kwa mara moja. Nilishamsikia jirani mmoja akisema mtoni, "Tangu aletewe yule mtoto, macho ya Koleta yamekwisha." Nadhani alimaanisha kwamba Bibi alimlilia sana mama yangu. Mimi nilielewa vingine. Kabla sijaja, Bibi alikuwa anaona. Nilipokuja nikaingia jichoni, na kadiri ninavyokua ndivyo ninavyomziba.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kujitoa mwenyewe. Niliacha kusimama mbele yake. Nikimpelekea maji nilipita nyuma, nikimwekea sahani niliisukuma kwa mkono nikiwa nimejibanza ubavuni. Usiku nililala nimempa mgongo.

"Mbona unanikwepa, mke mwenzangu?" akaniuliza.

"Sikukwepi, Bibi."

"Sauti yako siku hizi inatoka pembeni."

Wiki iliyofuata nilirudi shule baada ya siku tatu za kumwagilia, nikakuta picha ukutani. Mwalimu Hidaya alikuwa ameichapisha kwa rangi kwenye steshenari mjini, akaiwekea plastiki ili unyevu wa kwetu usiiharibu. Ilikuwa imebandikwa juu ya ubao, upana wa daftari kubwa lililofunguliwa. Alikuwa ameifundisha jana yake, na mimi sikuwepo. Sikuuliza, kwa sababu aliyeuliza jambo la jana alichekwa.

Picha ilikuwa nyeusi, na katikati pana ukungu mweupe wa umbo la yai lililobanwa, uliokolea katikati na kufifia kuelekea pembeni. Kando yake palikuwa na viukungu vingine vingi, vidogo vidogo. Chini yake pameandikwa herufi na tarakimu. Nikajua papo hapo kwamba nimeona jicho la Bibi, au la mtu mwenye ugonjwa wa Bibi, lililopigwa picha na wataalamu. Na vile viukungu vya pembeni ndio watoto waliotolewa. Nilivihesabu wakati wenzangu wanasoma kwa sauti. Saba vilikuwa vikubwa, vingine nikachoka. Kila kimoja kilikuwa kimewekwa mbali kidogo na jicho na kuachwa hapo, peke yake, kwenye giza.

Ijumaa ilikuwa zamu yetu kufagia darasa. Nikabaki wa mwisho, nikapanda dawati, nikaibandua picha, nikaificha ndani ya sweta.

Nyumbani nilimkuta Bibi ameketi mlangoni, penye mwanga. Nikaishika picha kando ya uso wake, nikatazama jicho, nikatazama picha, nikatazama jicho. Ukungu ulikuwa ule ule.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nakuangalia, Bibi."

"Haya, angalia na uniambie. Unaona nini?"

"Naona ukungu."

"Hata mimi," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo nilipoamua kuondoka. Nesi alisema mtoto anatolewa mjini. Bibi alikataa kunipeleka kwa sababu ananipenda, basi ilibidi nijipeleke. Sikuwa na mtu mjini wala sikujua mji una mwisho wapi. Nilijua tu kwamba Jumamosi asubuhi pikapu za mboga hushuka Morogoro.

Jumamosi niliamka kabla yake. Nilichemsha viazi nikaviacha karibu na mafiga. Niliweka ndoo ya maji pale mguu wake unapoikuta. Kisha nikachukua kamba ya katani, nikaifunga kwenye nguzo ya mlango, nikaivuta mpaka chooni, ili apate kufika bila mimi. Nilitia gauni langu la kanisani kwenye mfuko wa plastiki, picha nikairudisha ndani ya sweta, nikashuka barabarani.

Mahali pa kupakia palikuwa na matenga ya kabichi mpaka usawa wa kifua changu, na wanaume wakiyarusha juu ya pikapu. Kando yao, amekaa juu ya gunia la njegere akisubiri usafiri, alikuwa Mwalimu Hidaya. Mama yake aliishi mjini, na kila Jumamosi ya pili alikwenda kumjulia hali.

Nilijaribu kurudi nyuma. Akawa ameshaniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mfuko?"

"Mjini."

"Kwa nani?"

Nikauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Bibi yako anajua?"

Nikatikisa kichwa, na katika kutikisa, plastiki ikateleza chini ya sweta, ikaanguka miguuni pake. Mwalimu akaiokota, akaifuta umande kwa upindo wa mtandio.

"Jana jioni nimeitafuta hii mpaka nikausingizia upepo," akasema. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anashangaa. "Ulitaka kuifanyia nini?"

"Kupima na jicho la Bibi."

"Jicho?"

"Ni jicho lenye mtoto."

Dereva akapiga honi, akachungulia dirishani. "Mwalimu, tunashuka."

Mwalimu Hidaya alinitazama, akamtazama dereva. "Nendeni," akamwambia. "Mimi nitakwenda kesho."

Akanikalisha juu ya gunia, karibu yake, akaweka picha mapajani mwetu, nusu kwake nusu kwangu.

"Hili si jicho," akasema. "Hizi ni nyota. Jua letu ni nyota moja. Hapa ndani mna nyota nyingi kuliko punje zote za maharage zilizowahi kuvunwa milima hii. Zikikaa pamoja hivyo tunaita galaksi."

"Nyota ni nukta, Mwalimu. Huu ni ukungu."

"Ukiwa chini mjini ukatazama huku kwetu asubuhi, unaona nini?"

Nilishawahi kwenda mara moja. "Wingu."

"Na ndani ya lile wingu kuna nini?"

Nikafikiri. "Kuna kabichi. Kuna kanisa. Kuna sisi."

"Basi. Hizi nazo ziko mbali, mbali sana, mpaka macho yanashindwa kuzitenganisha. Ukisogea, kila moja iko mahali pake inawaka. Mwanga uliopigwa picha hapa ulianza safari kabla hajazaliwa mtu wa kwanza duniani."

Hilo la mwanga sikulielewa siku ile, na sina uhakika nimelielewa mpaka leo. Jambo langu lilikuwa jingine. Niliweka kidole kwenye kiukungu kimoja cha pembeni.

"Na hawa watoto?"

"Watoto gani?"

"Waliotolewa."

Mwalimu Hidaya alikitazama kidole changu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, ndiyo kazi yake ya kwanza, na nadhani ndipo alipoanza kuona kwamba hatuzungumzii somo la sayansi.

"Hizo ni galaksi nyingine," akasema polepole. "Ziko mamia, zimekaa kundi moja. Kila moja inazivuta nyingine, na zote pamoja zinaishika kila moja. Hakuna iliyotolewa humu. Hata ikitaka kuondoka, kundi linaivuta irudi."

"Hazikufukuzwa?"

"Hapana. Ni jamaa." Akageuka akanitazama. "Nani anafukuzwa?"

Nikamweleza yote. Zahanati, nesi na tochi, jirani wa mtoni, mabutu yangu mawili ndani ya ukungu. Nilimwambia mimi ndiye mtoto wa jicho, nimejiona mwenyewe, na nikishatolewa Bibi ataona.

Hapo ndipo shukrani yangu inapoanzia. Mtu mzima mwingine angecheka. Si kwa ubaya. Ni jambo la kuchekesha, hata mimi nimewahi kuwachekesha watu kwalo. Lakini wakati ule lingenichoma, na ningeshuka mjini na gari lililofuata. Mwalimu Hidaya hakucheka. Alinishika kidevu, akaleta uso wake karibu na wangu.

"Nitazame jichoni. Unamwona nani?"

Nikachungulia. "Najiona mimi."

"Kwa hiyo hata jichoni mwangu umo?"

"Nimo."

Akageuza kichwa kidogo tu, akaisoma namba ya pikapu iliyokuwa inakata kona kule chini, herufi moja moja, mpaka ikapotea. Kisha akanirudia. "Umo humu tangu tulipokaa hapa, na mimi naona kila kitu. Mtu yeyote anayekuangalia kwa karibu utajikuta jichoni mwake. Humzibi."

Nilianza kulia, na nililia vibaya, kwa kwikwi, mpaka mmoja wa wapakiaji akaacha tenga lake akatuletea kikombe cha maji. Mwalimu akanisubiri. Nilipotulia akanieleza kwamba mtoto wa jicho ni jina tu. Ndani ya jicho la kila mtu mna kitu kidogo kinachopitisha mwanga, kiangavu kama maji safi, kinene katikati na chembamba pembeni. Uzee unakitia ukungu, na daktari hutoa hicho, akaweka kingine safi.

"Umewahi kuchagua dengu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kina umbo la dengu. Na sikiliza: galaksi hii nayo wataalamu wanaiita ya umbo la dengu. Galaksi yetu sisi ina mikono inayozunguka, kama maji yanapozama kwenye tundu. Hii haina. Ukiitazama ubavuni imenenepa katikati tu, basi. Haizai nyota mpya siku hizi, nyingi zilizomo ni za kale, na zinawaka bado. Walimu wengi wanabandika zile zenye mikono kwa sababu zinapendeza. Mimi nimeipenda hii." Akakunjua kona ya plastiki iliyojikunja. "Kwa hiyo umbo hukulikosea. Umekosea umbali."

Tukapanda kwenda nyumbani. Yeye alishika mfuko wangu.

Bibi hakuwa mlangoni. Viazi vilikuwa vile vile. Kamba niliyoifunga ilikuwa imefunguliwa upande wa nyumba, imelala kwenye majani. Tulimkuta chini ya tuta la tatu, ameketi kwenye mfereji wa kumwagilia, amelowa tope mpaka kiunoni, hana fimbo. Baadaye aliniambia kwamba alipoamka alipapasa nguzo akaikuta kamba, akaifuata mpaka chooni, akajua nimeondoka, akarudi akaifungua. Mtu anayerudi, alisema, hamfungii mwenzake kamba. Akashuka kunitafuta kwa miguu, akaanguka mara mbili.

"Nani huyo?" akauliza aliposikia hatua.

"Ni mimi, Bibi."

Akanyoosha mkono, akakipata kifundo cha mguu wangu, akakishika. Mwalimu Hidaya akamwamkia, Bibi akaitikia marahaba, wakaulizana habari za kwao kama watu waliokutana njiani, na muda wote huo mkono haukuachia mguu wangu.

Mwalimu alimweleza palepale, akiwa amechutama kwenye tope. Hakupunguza wala hakuongeza. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi sikukataa kwa ajili yake," akasema mwishowe. "Nilikataa kwa woga. Nasikia wanatoa jicho la mtu wanatia la mbuzi."

"Nani amesema hivyo, Bibi?"

"Watu."

"Wewe umewahi kumwona mtu mwenye jicho la mbuzi?"

"Sioni, Mwalimu. Nitamwonaje?"

Mwalimu Hidaya alijitahidi kujizuia, akashindwa, akacheka, na Bibi naye akacheka, na mimi nikiwa katikati yao nikaona kwamba jambo kubwa limepita. Bibi akajifuta uso kwa kiganja chenye tope.

"Huyu alikuwa anakwenda kupotea ili mimi nione," akasema. "Nipelekeni. Hata wakinitia la mbuzi nitakula majani."

Majirani walichukua zamu ya kumwagilia, na baada ya siku chache tukashuka Morogoro watatu, Bibi amekaa mbele na dereva. Tulifikia kwa mama yake Mwalimu, Mji Mpya, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mjane mwembamba, na alitupokea kama tuliokuwa tukisubiriwa tangu jana. Chakula kilipoletwa kwenye sinia, Bibi alifanya ishara ya msalaba, mwenyeji wetu akangoja mpaka mkono wake ukamaliza, ndipo akasema bismillahi yake, tukala. Jambo dogo, lakini nimekula na watu wengi tangu siku ile na si wote wanaojua kungoja.

Hospitali sikumbuki sana zaidi ya harufu ya dawa ya kufutia sakafu, na benchi, na Mwalimu Hidaya akisahihisha madaftari yetu mapajani. Walimfanyia jicho la kulia kwanza. La kushoto lilikuja kufanyiwa mwaka uliofuata. Siku ya pili wakafungua bandeji. Daktari alimwambia afungue jicho taratibu, na Bibi, ambaye hakuwahi kufanya kitu taratibu, akalifungua mara moja na kuanza kutokwa na machozi kwa ukali wa mwanga. Akamtazama daktari. Akatazama dirisha. Kisha akaniona.

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua. "Umekuwa mrefu hivi," akasema, "bila kuniambia."

Halafu akamtazama Mwalimu. "Kumbe wewe ni binti mdogo. Nilivyokuwa nakuogopa."

Jioni, Mji Mpya, alitaka aonyeshwe ile picha iliyotaka kumnyang'anya mjukuu. Mwalimu akaitoa mkobani. Bibi akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaizungusha.

"Hizi zote ni nyota?"

"Zote, Bibi."

"Mngesubiri ukungu uondoke ndipo mpige," akasema, akamrudishia.

Tuliporudi shule, Mwalimu Hidaya aliibandika tena mahali pake juu ya ubao. Hakumwambia mtu nani aliibandua. Alisema tu kwamba kuna mmoja wetu ambaye siku ya somo hakuwepo, na yeye ndiye atakayetueleza. Nikasimama mbele ya wenzangu arobaini na kitu, nikaeleza kundi la galaksi na kushikana kwake, na lile wingu lenye kabichi ndani. Nilieleza vizuri, kwa sababu nililia nikijifunza. Sikuwa mwanasayansi ukubwani. Nauza mbegu na dawa za mimea, na nafurahi. Mwaka juzi niliitafuta galaksi ile kwenye simu, nikakuta zinazofanana nayo maelfu, na ile yetu sikuitambua, maana tarakimu zake sikuzinakili. Nilikuwa na nia ya kumpigia Mwalimu nimuulize. Nilisema nitampigia sikukuu ikipita, na sikukuu zikapita nyingi. Hilo ndilo linalonitia uchungu kidogo katika shukrani hii. Mama yake alimtangulia, Bibi naye alitutoka akiwa ameona vizuri kwa miaka kumi na moja, na sasa nimebaki peke yangu ninayeijua asubuhi ile ya kabichi.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ile tuliyorudi nyumbani kutoka mjini. Tulikuwa tumengoja mpaka daktari akamwangalia tena Bibi na kumpa miwani ya kusomea, ingawa hakujua kusoma. Tulifika alasiri. Nilidhani atakwenda kwanza kuangalia kabichi zake. Akaingia ndani, akasimama katikati ya nyumba, akaona utando wa buibui, masizi, sufuria nilizoosha kwa miaka miwili bila kuzitakatisha. Kisha akaiona sare yangu ya shule imetundikwa kwenye msumari.

Aliishusha. Sketi ilikuwa imepasuka upande mmoja, nimeikaza kwa pini mbili. Sweta lilikuwa limefumuka kiwikoni mpaka ungeweza kupitisha ngumi. Alipitisha ngumi.

"Ulikuwa unakwenda hivi mbele za watu?"

"Siku nilizokwenda," nikajibu.

Aliketi kizingitini, sare mapajani, na nikaona midomo yake inacheza. Hakulia mjini, pale bandeji ilipotoka. Alilia pale, bila sauti, machozi yakishuka kutoka jicho zima na jicho bovu sawasawa. Halafu akajifuta na kuniagiza kopo la sindano.

Nilileta, nikachukua sindano na uzi nimtungie, maana kazi hiyo ilikuwa yangu.

"Lete hapa," akasema.

Akavaa miwani. Akaulowesha uzi kwa ulimi, akausokota kwa vidole viwili, akafumba jicho la kushoto. Uzi ukapita mara ya kwanza. Akavuta, akafunga fundo, akashona kimya, akianza na sketi, akaja kwenye kiwiko, mshono mdogo mdogo kama wa fundi, mpaka mwanga ulipoanza kupungua. Akakata uzi kwa meno.

"Vaa, nikuone."

Nikavaa, nikasimama. Akaniangalia kuanzia miguuni akipanda juu, taratibu, hana haraka ya kwenda popote.